Madarasa ya Usiku Yaliyofungua Daftari la Wapiga Kura

Vikundi vya wanajamii, yaani wakazi wa mtaa au kijiji wanaojipanga wenyewe nje ya serikali na vyama vya siasa ili kudai haki zao, hufahamika zaidi kwa maandamano, ilhali mchango wao mkubwa katika upigaji kura hufanyika kimyakimya, miezi au hata miaka kabla ya siku ya uchaguzi. Historia ya Shule za Uraia, zilizoanzia katika Kisiwa cha Johns, jimbo la South Carolina nchini Marekani, inalidhihirisha jambo hilo.

Katika miaka ya 1950, sheria ya jimbo hilo ilimtaka anayejiandikisha kupiga kura asome na kuandika kifungu cha katiba, au awe na mali ya dola 300 iliyolipiwa kodi. Na kwa kuwa Wamarekani Weusi wengi wa visiwani, wazao wa watumwa wa mashamba ya mpunga na pamba, walikuwa wamenyimwa shule za maana, sharti hilo liliwafungia nje bila kutaja rangi ya mtu. Esau Jenkins, aliyewapeleka wafanyakazi mjini Charleston kwa basi lake, alianza kuwafundisha abiria katiba wakiwa safarini, kisha akaomba msaada wa Highlander, kituo cha kuwafunza wanaharakati huko Tennessee, alikofanya kazi Septima Clark, mwalimu aliyefukuzwa mwaka 1956 kwa kukataa kujitoa katika NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi.

Darasa la kwanza lilifunguliwa Januari 1957 katika chumba cha nyuma cha duka la ushirika, duka lenyewe likiwekwa mbele ili Wazungu wasishuku kinachoendelea. Aliyechaguliwa kufundisha alikuwa Bernice Robinson, msusi na mshonaji asiyesomea ualimu, na uteuzi huo ulikuwa wa busara kubwa, kwani watu wazima hawakumwonea haya, na mapato yake yalitoka kwa wateja Weusi, hivyo hapakuwa na mwajiri Mzungu wa kumwachisha kazi. Badala ya kuanza na katiba, aliwauliza wanafunzi walichotaka kujifunza, wakataja kusoma Biblia, kuagiza bidhaa kwa posta na kuandika majina yao, ambayo waliyafuatisha kwa penseli juu ya kadibodi hadi mkono ukazoea. Huo ndio uliokuwa msingi wa mafanikio yake: mtu aliyekwisha kuona faida ya kusoma nyumbani kwake alimkabili msajili akiwa na ujasiri, tena akiwa pamoja na jirani zake.

Hata hivyo, si haki kudai kwamba madarasa peke yake yaliuvunja ukuta, maana huko Mississippi, jimbo jingine la kusini, katika kiangazi cha mwaka 1964, Weusi wapatao 17,000 walijaribu kujiandikisha, wakakubaliwa takriban 1,600 tu. Ilihitajika Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya Agosti 1965, iliyosimamisha mitihani ya kusoma katika majimbo hayo, ndipo kufikia 1967 Weusi waliojiandikisha Mississippi wakapanda kutoka takriban asilimia 7 hadi karibu 60. Lakini sheria haikupita nyumba kwa nyumba kuwaita watu. Kazi hiyo iliendelea kufanywa na wanajamii, wakiwemo walimu wa Shule za Uraia, ambazo tangu 1961 zilikuwa chini ya SCLC, shirika lililoongozwa na Martin Luther King, na kusambazwa katika majimbo ya kusini.