Kusoma Mwenendo wa Muda Mrefu wa Uhalifu Ulioripotiwa: Mfano wa Kaunti ya Montgomery, Maryland

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna ya kusoma mwenendo wa muda mrefu wa viwango vya uhalifu ulioripotiwa katika kaunti ya pembezoni mwa jiji, kwa kutumia mfano wa Kaunti ya Montgomery, jimbo la Maryland, Marekani. Hoja ya msingi ni kwamba kila kiwango kinachochapishwa ni zao la mambo matatu: tendo lililotokea, uamuzi wa mtu kuliripoti, na kanuni ya ofisi iliyoliandika. Kwa kuwa mambo hayo hubadilika kila moja kwa wakati wake, makala inapendekeza kwamba mfululizo mrefu wa takwimu usomwe kosa kwa kosa na kipindi kwa kipindi, si kwa jumla moja.

1.0 Utangulizi

Kaunti ya Montgomery inapakana na Washington, mji mkuu wa Marekani, upande wa kaskazini magharibi. Sensa ya mwaka 1950 ilihesabu wakazi 164,401; ya mwaka 1970 ilihesabu 522,809; na ya mwaka 2020 ilihesabu 1,062,061. Ndani ya miaka 70, eneo lililokuwa na mashamba mengi limekuwa na watu zaidi ya milioni moja.

Katika mazingira kama hayo, kauli kwamba uhalifu umepanda au umeshuka si jambo dogo. Baraza la kaunti huitumia kupanga bajeti ya polisi, mnunuzi wa nyumba huitumia kuchagua mtaa, na wanasiasa huitumia kuwanyooshea kidole wageni. Ikiwa kauli hiyo imejengwa juu ya namba zisizolinganishika, gharama yake hubebwa na watu ambao hawakushiriki kuihesabu.

2.0 Misingi ya Kinadharia

Mjadala kuhusu takwimu za polisi una pande mbili. Kitsuse na Cicourel (1963) walisisitiza kwamba takwimu rasmi huonesha kwanza utendaji wa taasisi zinazozizalisha. Kwa upande mwingine, Gove na wenzake (1985) walitetea kwamba takwimu za makosa makubwa ni kipimo kinachokubalika cha uhalifu wenyewe, kwa sababu makosa hayo ndiyo ambayo wananchi na polisi huyachukulia kwa uzito. Makala hii inachukulia kwamba pande zote mbili zina ukweli, ila ukweli huo hutofautiana kwa aina ya kosa. Cohen na Felson (1979) wanaongeza mtazamo wa tatu: uhalifu hufuata ratiba za maisha ya kila siku, yaani mahali ambapo mhalifu, kitu cha kuibwa na ukosefu wa mlinzi hukutana.

3.0 Kinachohesabiwa

Takwimu za kitaifa za uhalifu zilianza kukusanywa mwaka 1930 chini ya taasisi ambayo leo ni Shirika la Upelelezi la Marekani (FBI). Makosa saba yalichaguliwa kuwa kielelezo: mauaji, ubakaji, unyang'anyi, shambulio la kudhuru mwili, uvunjaji wa nyumba, wizi wa kawaida na wizi wa magari. Uchomaji moto wa makusudi uliongezwa mwishoni mwa miaka ya 1970.

Orodha hiyo imebaki, lakini maana ya vilivyomo imebadilika. Kabla ya mwaka 1973, wizi wa kawaida ulioingia katika kielelezo ni ule wa mali yenye thamani ya dola 50 au zaidi. Kadiri bei zilivyopanda, ndivyo kitu kilekile kilivyoweza kuvuka kizingiti hicho bila tabia ya wezi kubadilika. Kizingiti kilipoondolewa, wizi wote ulianza kuhesabiwa. Hivyo, mtafiti anayeunganisha miaka ya 1960 na ya 1980 kwa mstari mmoja anaunganisha vipimo viwili tofauti.

Ubakaji nao ulifasiliwa upya: fasili ya zamani iliwahusu wanawake peke yao na ilidai matumizi ya nguvu, ilhali fasili iliyoanza kutumika mwaka 2013 inamhusu mtu yeyote na inazingatia kukosekana kwa ridhaa. Kupanda kwa kiwango baada ya mwaka huo hakuwezi kusomwa kama ongezeko la matendo bila kwanza kutenga athari ya fasili.

Badiliko kubwa zaidi lilikuwa la mfumo wenyewe. Chini ya utaratibu wa zamani, tukio lenye makosa kadhaa liliandikwa kwa kosa lake kubwa tu. Mtu aliyenyang'anywa kisha akauawa alihesabiwa katika mauaji, na unyang'anyi ukapotea. Mfumo mpya wa kuripoti kwa tukio, ambao FBI iliufanya kuwa njia pekee kuanzia Januari 2021, huandika makosa yote ya tukio moja. Idara nyingi, zikiwamo za majiji ya New York na Los Angeles, hazikuwa zimehama kwa wakati, hivyo takwimu za kitaifa za mwaka 2021 zina pengo. Kwa sababu hiyo, kaunti inayolinganishwa na "wastani wa taifa" wa mwaka huo inalinganishwa na makadirio yenye msingi dhaifu.

4.0 Anayehesabu na Mipaka Yake

Kaunti ya Montgomery ina idara yake ya polisi, lakini haihesabu peke yake. Miji ya Rockville, Gaithersburg na Takoma Park ina polisi wake. Wapo pia polisi wa reli ya Metro na wa hifadhi za bustani. Jumla ya kaunti hutegemea ni idara zipi zimejumuishwa, na takwimu za idara ya kaunti pekee si takwimu za kaunti nzima.

Mipaka nayo haikusimama. Hadi mwaka 1997, mji wa Takoma Park ulikuwa umegawanyika kati ya Montgomery na kaunti jirani ya Prince George's. Tarehe 1 Julai mwaka huo, mji wote uliwekwa ndani ya Montgomery. Kuanzia siku hiyo, makosa yaliyotokea katika mitaa iliyohamishwa yaliingia katika kaunti nyingine ingawa mitaa haikusogea. Athari yake kwa jumla ni ndogo, lakini kwa anayechunguza ukanda huo wa kusini ni ya lazima kuzingatiwa.

5.0 Kigawanyo

Kiwango hupatikana kwa kugawa makosa kwa idadi ya wakazi na kuzidisha kwa 100,000. Tuseme, kwa ajili ya ufafanuzi tu, kwamba makosa 10,000 yaliripotiwa mwaka 1970 na idadi hiyohiyo mwaka 2020. Kiwango kingeshuka kutoka 1,913 hadi 942, ingawa kazi ya polisi haikupungua hata kwa kosa moja. Kauli "uhalifu umeshuka kwa nusu" na kauli "uhalifu haujabadilika" zingekuwa sahihi zote mbili, kila moja kwa swali lake.

Zaidi ya hayo, wakazi si watu wote waliopo. Reli ya Metro ilifika Silver Spring mwaka 1978 na Shady Grove mwaka 1984. Reli hiyo huwapeleka wafanyakazi mjini asubuhi na kuacha nyumba zao bila watu, na huwaleta wanunuzi na wafanyakazi wa nje katika vituo vya biashara. Kwa mtazamo wa Cohen na Felson, mambo haya mawili hugusa makosa tofauti: la kwanza uvunjaji wa nyumba mchana, la pili wizi wa madukani. Kigawanyo cha sensa hakioni lolote kati ya hayo.

6.0 Namba Ndogo

Mauaji ndiyo kosa linalohesabiwa kwa uhakika zaidi, kwa kuwa mwili haufichiki kirahisi. Hata hivyo, katika kaunti tulivu namba zake ni ndogo. Mahali panapotarajiwa mauaji 20 kwa mwaka, bahati pekee inaweza kuleta mwaka wa 12 na mwingine wa 28. Ongezeko la "zaidi ya mara mbili" linaweza kutokea bila sababu yoyote ya kijamii.

Oktoba 2002 inatoa mfano mchungu. Katika mashambulizi ya wadunguaji wawili yaliyolikumba eneo la Washington, watu sita waliuawa ndani ya Montgomery. Kwa kaunti iliyokuwa na wakazi 873,341 katika sensa ya mwaka 2000, vifo hivyo peke yake ni takriban 0.7 kwa kila wakazi 100,000. Tukio hilo lazima lihesabiwe, lakini halisemi chochote kuhusu mwelekeo wa mauaji katika kaunti. Kwa hiyo, wastani wa miaka mitano ni msingi bora kuliko ulinganisho wa mwaka na mwaka.

7.0 Anayeripoti

Tangu mwaka 1973, serikali ya Marekani huwahoji wananchi moja kwa moja iwapo wamepatwa na uhalifu, wawe wameripoti au la. Utafiti huo huonesha kwamba, kwa miaka ya karibuni, chini ya nusu ya matukio ya ukatili na takriban theluthi moja ya makosa ya mali huwafikia polisi. Wizi wa magari ni tofauti: sehemu kubwa huripotiwa, kwa sababu bima hudai taarifa ya polisi.

Utafiti huo, hata hivyo, hautoi makadirio ya kila kaunti. Pengo hilo ni zito hasa Montgomery, ambako takriban theluthi moja ya wakazi wamezaliwa nje ya Marekani, wakiwamo wengi kutoka Amerika ya Kusini na ya Kati, Asia na Ethiopia. Mtu anayehofia kuulizwa kibali cha kuishi anaweza kunyamaza hata anapoibiwa. Hofu ikizidi, kiwango hushuka. Imani kwa polisi ikirudi, kiwango hupanda. Mtaa wenye takwimu nzuri unaweza kuwa mtaa ulionyamaza.

8.0 Hitimisho

Tahadhari hizi hazimaanishi kwamba mwenendo haujulikani. Kitaifa, kiwango cha makosa ya ukatili kilifika takriban 758 kwa kila watu 100,000 mwaka 1991 na kushuka hadi takriban 360 mwaka 2014. Kile cha mauaji kilishuka kutoka 9.8 hadi 4.4. Mahojiano ya waathiriwa nayo yalionesha anguko kubwa katika miaka ya 1990. Vyanzo viwili vinavyokusanywa kwa njia tofauti vikikubaliana, anguko hilo ni la kweli. Vivyo hivyo, ongezeko la mauaji la karibu asilimia 30 kitaifa mwaka 2020 ni kubwa mno kuelezwa kwa kanuni za uandishi.

Kwa kaunti moja, makala inapendekeza ngazi tatu za usomaji. Mauaji na wizi wa magari yanaweza kufuatiliwa kwa miongo kadhaa, mradi mauaji yasomwe kwa wastani wa miaka. Unyang'anyi na uvunjaji wa nyumba yasomwe ndani ya vipindi ambavyo mfumo haukubadilika. Ubakaji, mashambulio na wizi mdogo yasisomwe kama kipimo cha matendo bila ushahidi wa nje kuhusu utayari wa watu kuripoti. Jumla inayochanganya ngazi zote tatu hutawaliwa na wizi wa kawaida, ambao ndio mwingi zaidi na ndio unaoripotiwa kwa nadra. Jumla hiyo ndiyo inayonukuliwa mara nyingi hadharani, na ndiyo isiyofaa kuwa msingi wa uamuzi kuhusu usalama wa watu.