Bwana wa Samaki Aomba Ndondi

Wajukuu zangu, palikuwa na rais mwenye vyeo vingi hata mtangazaji wa redio akivisoma lazima avute pumzi katikati. Mheshimiwa, Rais wa Maisha, Fildi Mashali, Al-Haji, Daktari Idi Amin Dada, Bwana wa Wanyama Wote wa Nchi Kavu na Samaki Wote wa Baharini, Mshindi wa Dola la Uingereza katika Afrika kwa jumla na Uganda hasa. Uganda haina bahari. Hao samaki waliapishwa wapi, wala msiniulize.

Sasa basi, mwishoni mwa mwaka 1978 huyu Bwana wa Samaki alikuwa na ugomvi na Tanzania, akaja na pendekezo. Yeye na rais wetu, Mwalimu Julius Nyerere, wapande ulingoni, wazichape wawili peke yao, ili askari wasife bure. Mwalimu alikuwa mwembamba, mwenye mvi, miaka 56, silaha yake kubwa ni chaki. Amin alikuwa pande la mtu, na ujanani aliwahi kuwa bingwa wa ndondi wa Uganda. Kwa huruma yake akasema yuko tayari kufungwa mkono mmoja nyuma na kutundikwa vyuma vizito miguuni. Refa awe Muhammad Ali.

Chekeni, ruksa. Watu wazima wa siku zile nao walicheka. Lakini ukilitazama vizuri, hilo wazo lina akili kuliko mengi yaliyosemwa na marais wenye heshima zao. Wanaotangaza vita siku zote ni watu wenye walinzi, wenye madaktari wao, wenye ndege inayosubiri kiwanjani. Wanaokwenda ni vijana waliowazidi ninyi miaka michache tu. Kama kila rais angejua kwamba ngumi ya kwanza itatua kwenye pua yake, naamini mabalozi wangekuwa na kazi nyingi na makaburi yangekuwa machache.

Ubaya ni kwamba Amin alilisema hilo wakati askari wake wameshavuka mpaka. Walikuwa ndani ya Kagera, upande wa Tanzania, wanaiba ng'ombe.

Turudi nyuma kidogo, maana ugomvi huu haukuota kama uyoga. Januari 25, 1971, Rais Milton Obote wa Uganda akiwa Singapore mkutanoni, Amin, mkuu wake wa jeshi, alimpindua. Obote akakimbilia Tanzania. Mwalimu akampokea rafiki yake na kukataa katakata kumtambua Amin. Mwaka uliofuata, Septemba 1972, wafuasi wa Obote walivamia Uganda kutokea Tanzania. Hapo nasi tulichekesha, tusifiche. Mpango ulikuwa kuwasafirisha wapiganaji kwa ndege ya abiria hadi Entebbe. Ndege yenyewe ilichukuliwa kinyemela Dar es Salaam, ikatua Kilimanjaro kuwapakia, na matairi yakapasuka. Safari ikaishia hapo. Waliokwenda kwa njia ya nchi kavu walichapwa vibaya. Amin akajibu kwa kutuma ndege kuzipiga mabomu Bukoba na Mwanza.

Vita kamili ilikuwa imebakiza hatua moja tu. Aliyeizuia alikuwa Rais Siad Barre wa Somalia, ambaye mwenyewe hakuwa malaika. Aliwapatanisha, na Oktoba 5, 1972 pande mbili zikatia saini makubaliano ya Mogadishu: majeshi yarudi nyuma kilomita 10 kutoka mpakani, na kila nchi iache kuwasaidia wapinzani wa mwenzake. Karatasi tu hiyo. Haina picha nzuri, hakuna aliyeitungia wimbo wa mchakamchaka. Lakini iliwapa watu wa Kagera miaka sita ya kulala usingizi, na mtoto aliyezaliwa mwezi ule aliwahi kukua hadi kukaribia kuanza darasa la kwanza.

Mtauliza, mbona basi hawakuendelea kuzungumza? Hapa nitawaambia maneno ambayo baadhi ya wazee wenzangu hawayapendi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule ilikuwa na kikao cha marais watatu, wa Kenya, Uganda na Tanzania. Tangu Amin alipoingia, kikao hicho hakikukaa tena, kwa sababu Mwalimu alikataa kuketi meza moja na muuaji. Sababu yake ilikuwa nzito: Amin alikuwa anaua Waganda kwa maelfu. Ila meza nayo ikakauka. Yalipozidi kero nyingine za fedha, reli na ndege, Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, na mahali pa kugombania kwa mdomo pakawa hapapo. Mimi simlaumu Mwalimu. Nasema tu kwamba unaweza kuwa na haki na bado ukakosa pa kusemea.

Na mpaka wenyewe uliopiganiwa? Tazameni ramani. Magharibi ya Ziwa Victoria kuna mstari ulionyooka kama umechorwa kwa rula, kwa sababu ulichorwa kwa rula. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walikubaliana Ulaya kwamba mpaka upite nyuzi 1 kusini mwa Ikweta. Mto Kagera kwa sehemu kubwa uko kusini ya mstari huo, hivyo kipande cha ardhi kati ya mto na mstari kikawa upande wetu. Amin akaona mto ndio mpaka wa haki. Ajabu ya Mshindi wa Dola la Uingereza ni kwamba wenye mstari walikuwa wameondoka zamani, akaenda kuwatwanga wakulima wa ndizi.

Mwisho wa Oktoba 1978 jeshi lake likaingia. Novemba 1 redio yake ikatangaza kwamba eneo lile, kama kilomita za mraba 1,800, sasa ni Uganda. Askari wakalipua daraja la Kyaka, wakapora ng'ombe, magari na mashine za kiwanda cha sukari, wakaua na kubaka. Inakadiriwa raia wapatao 1,500 walikufa. Novemba 2 Mwalimu alihutubia taifa, akasema sababu ya kumpiga ipo, nia ipo na uwezo upo. Waulizeni babu na bibi zenu. Wengine wanaikumbuka hotuba ile hadi sauti yake. Tangu hapo Amin kwetu akawa nduli.

Umoja wa Nchi Huru za Afrika nao ulituma wajumbe. Katiba yake ilitaka mipaka iheshimiwe na nchi zisiingiliane. Mwalimu alitaka jambo moja: semeni wazi kwamba aliyevamia amekosea. Hawakusema. Wakawa kama balozi wa nyumba kumi aliyeitwa usiku, akamkuta mwizi amebeba redio, akawasihi mwizi na mwenye nyumba wote wawili watulie. Kumbukeni pia kwamba mwaka 1975 mwenyekiti wa umoja huo alikuwa Amin mwenyewe, na wakati wa sherehe za mkutano wa Kampala alikaa kwenye kiti kilichobebwa na wazungu. Wajumbe walipiga makofi. Ndiyo maana mtu akiniambia diplomasia haifai, humuuliza, diplomasia ipi? Ile ya kumpigia makofi jambazi, au ile ya kukaa usiku kucha mkibishana kilomita 10 au 15?

Vita yenyewe sitaisimulia sana. Watu wanaopenda sana kusimulia vita mara nyingi hawakuwepo. Mabasi na malori ya mizigo yalichukuliwa kubeba askari, mgambo wakaitwa, jeshi likavimba hadi kupita watu 100,000. Gaddafi wa Libya alimtumia Amin wanajeshi zaidi ya 2,000, na baadhi ya vijana hao wakaja kufia Lukaya, huko Uganda, mahali ambapo hata jina lake hawakulijua. Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979.

Tulishinda. Sasa sikilizeni bili. Kwa hesabu ya serikali, askari wetu 373 walikufa, na kati yao waliouawa katika mapigano ni 96. Wengi waliobaki walichukuliwa na ajali na mambo ya namna hiyo, maana vita hata risasi ikinyamaza inaendelea kuua. Wapo waliolala Kaboya, mkoani Kagera. Gharama inakadiriwa kufikia dola milioni 500, fedha ambazo nchi haikuwa nazo. Masaka na Mbarara ziliachwa magofu, na hapo nasema kwa uchungu, sehemu kubwa ya uharibifu ule ilifanywa na vijana wetu waliokuwa wameiona Kagera. Mwalimu aliomba Watanzania wafunge mikanda miezi 18. Ilikuja kuwa miaka. Foleni ya sukari, foleni ya sabuni, foleni ambayo unaingia kwanza halafu ndio unauliza wanagawa nini. Wapo waliofulia nguo kwa majani ya mpapai. Uganda nayo ilibadilisha marais kama mashati, kisha ikaingia vita ya msituni hadi 1986.

Na bondia? Alikimbilia Libya, halafu Saudi Arabia, akaishi Jeddah hadi alipokufa kitandani mwaka 2003. Hakuna aliyemgusa hata kwa glovu.

Kazi ya kusafisha ikarudi kwa watu wa karatasi. Mali za Jumuiya iliyovunjika, yaani injini za treni, meli, majengo na madeni, ziliwachukua miaka mingi kugawana, wakiongozwa na mpatanishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht. Makubaliano yalisainiwa Arusha Mei 1984. Mkataba wa Jumuiya mpya ulisainiwa hapo hapo Arusha mwaka 1999. Hizo ni siku za watu kusinzia vikaoni, kunywa chai ya maziwa na kugombana juu ya koma.

Siku hizi pale Mutukula, njia ile ile ya vifaru, kuna kituo kimoja cha pamoja ambapo dereva wa lori hugongewa mihuri ya nchi mbili. Na kuna mradi wa bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443, kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, linalopita katika ardhi ile ile aliyoitaka Amin. Safari hii Uganda na Tanzania ziligombana kwa kalamu, na bei ya kupitisha kila pipa ikakubaliwa kuwa dola 12.77. Hebu wazieni wale waheshimiwa na suti zao, jasho linawatoka, mmoja anataka senti 80, mwingine anang'ang'ania 70, saa ya chakula imepita na hakuna aliyekubali kuinuka.