Kapita: neno hili lilitoka wapi?

Bandugu wa promosyo zote, mwenye alisoma agronomi anajua: siku anafika kwa shamba mara ya kwanza, swali njo hii: "We njo kapita mupya?" Wengine wanakasirika. "Miye niko enjeniere, siko kapita!" Lakini tuangalie kwanza neno lenyewe.

Kwetu Katanga, kapita ni mwenye kusimamia kikosi cha wafanyakazi, shambani ao kwa njia ya reli. Asubuhi anahesabu watu, anagawa kazi, mangaribi anapeleka habari kwa mukubwa. Hana shamba, na jembe hashiki. Watanzania wanasema mnyapara.

Ni rahisi kufikiri linatoka kwa "kupita", sababu anapitapita nyuma ya watu. Hapana. Ni Kireno: capitão, na mzizi wake ni Kilatini caput, maana yake kichwa. Watu wa biashara ya Wareno walijua njia za huku zamani. Pedro João Baptista na Amaro José walitoka Angola mu 1802, wakapitia kwa Mwata Kazembe, wakafika Tete mu 1811. Nyuma yao misafara ya Angola ilikuja mpaka Bunkeya, kwa Msiri.

Hata Waingereza wa Nyasaland walilichukua, wakaandika capitao. Kilikuwa Kiingereza cha kule. Mutu wa London asingelisikia. Siye tulikata mukia, ikabaki kapita.

Sasa upande wenye uchungu. Wakati wa Léopold II, kule Ekwateri, makampuni ya mpira yaliweka bakapita vijijini, na bunduki, ili watu walete mpira kwa nguvu. Tume ya uchunguzi ya 1904-1905 iliandika mabaya yao. Kisha mu 1917 Wabelgiji wakaweka sheria ya kilimo cha lazima, siku 60 kwa mwaka. Kwa hiyo mukulima alizoea zamani kwamba mwenye kuja kupima shamba anatumwa na mwingine.

Kwa maoni yangu, swali la "kapita mupya" halitukani diplome. Linauliza: umekuja kwa niaba ya nani? Ukijibu "niko enjeniere", haujajibu bado. Sema nani anakulipa, hesabu unazoandika mu kaye zinaenda wapi, na kama utarudi kuwaonyesha matokeo kisha mavuno.