Wenye sanduku hawashiki kalamu: Wikipedia inaendeshwaje?



Kuna swali ambalo nimeulizwa mara nyingi na wanafunzi: Wikipedia ni ya nani? Mmoja anasema ni ya Google. Mwingine anasema ni ya serikali ya Marekani. Wapo wanaoamini kuna nyumba kubwa mahali fulani imejaa maprofesa wanaolipwa kila mwezi ili kuandika. Halafu linakuja swali la pili, ambalo kwetu lina uzito kuliko la kwanza: mtu akiandika uongo kuhusu Makobola, tunamshitaki kwa nani?

Kwanza tutenganishe majina mawili. Wikipedia ni kamusi elezo, yaani kazi yenyewe. Wikimedia Foundation ni shirika lisilo la faida linaloitunza, pamoja na ndugu zake kama Wikamusi, Wikidata, na ghala la picha linaloitwa Commons. Kamusi ilitangulia, shirika likafuata. Wikipedia ilianza tarehe 15 Januari 2001, chini ya kampuni ya biashara iliyoitwa Bomis, ambayo Jimmy Wales alikuwa mmoja wa wenyewe. Larry Sanger, aliyeianzisha pamoja naye, alikuwa analipwa kuisimamia. Pesa zilipopungua mwaka 2002, mshahara ukakatika naye akaondoka. Hapo watu wakajiuliza: kampuni ikifilisika, au ikiamua kuweka matangazo ya biashara, kazi ya watu wote hawa inakwenda wapi? Jibu lilikuja tarehe 20 Juni 2003. Wales alitangaza shirika jipya, lililoandikishwa katika jimbo la Florida, na mali ya kamusi ikatoka mikononi mwa kampuni. Baadaye ofisi zilihamia San Francisco.

Sasa tulinganishe na tunachokijua. Hapa kwetu kila kijana mwenye diploma ameshaona katiba ya asbl moja au mbili. Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 inataka asbl iwe na mkutano mkuu wa wanachama, kamati ya uongozi, na wakaguzi wa hesabu. Wikimedia Foundation haina wanachama, kwa hiyo haina mkutano mkuu. Inafanana zaidi na kile ambacho sheria hiyohiyo inakiita établissement d'utilité publique: mali imetengwa kwa ajili ya lengo fulani, na kuna watu waliowekwa kuilinda. Watu hao ni halmashauri ya wadhamini. Katiba yao inaruhusu viti mpaka 16. Viti 8 vinatoka kwa wachangiaji na vyama vyao vya nchi mbalimbali, 7 vinajazwa na halmashauri yenyewe ikitafuta watu wenye ujuzi wa fedha, sheria au uongozi, na kimoja ni cha Wales kama mwanzilishi. Halmashauri ndiyo inayoajiri mkurugenzi mkuu, na ndiyo inayoweza kumwachisha. Mkurugenzi aliyeanza Januari 2022, Maryana Iskander, alitoka Afrika Kusini, ambako alikuwa anaongoza shirika la kuwatafutia vijana kazi.

Nani anapiga kura? Hapa ndipo mimi nilishangaa. Katika chaguzi za miaka ya karibuni, haki ya kupiga kura ilitolewa kwa mtu aliyefanya mahariri yasiyopungua 300, na 20 kati ya hayo yawe ya miezi ya karibuni. Hawakuulizi diploma, wala uraia, wala mchango wa chama. Kijana wa Makobola aliyesahihisha makala 300 kwa simu yake ana kura moja, sawasawa na daktari wa Berlin. Ila tusidanganyane: kisheria, kura hizo zinapendekeza, na halmashauri ndiyo inayoteua. Tofauti hiyo iliwahi kuleta moto.

Mwaka 2015 wachangiaji walimchagua James Heilman, daktari wa Kanada, aingie katika halmashauri. Kabla mwaka haujaisha, tarehe 28 Desemba, wenzake walipiga kura wakamtoa. Wakati huohuo kulikuwa na fununu za mradi mkubwa wa kutafuta habari kwenye intaneti, ambao shirika lilikuwa limeombea msaada wa dola 250,000 kutoka Knight Foundation. Wachangiaji hawakuwa wameambiwa mambo yote, na wafanyakazi wengi nao walikuwa wamechoka na namna ofisi ilivyoongozwa. Wakaanza kudai karatasi za msaada huo zitolewe hadharani. Februari 2016 zikatolewa. Mwezi huohuo mkurugenzi mkuu, Lila Tretikov, akatangaza kujiuzulu. Mwaka 2017 Heilman aligombea tena, akachaguliwa tena, akarudi kwenye kiti. Nasimulia kisa hiki kwa sababu huku kwetu, komite ikigombana, mmoja anaondoka na muhuri, mwingine anaondoka na pikipiki ya mradi, na chama kinakufa. Pale ugomvi ulikuwa mkali, lakini kamusi haikusimama hata siku moja, kwa sababu waliokuwa wanagombana hawakuwa ndio wanaoandika.

Na hilo ndilo jambo lenyewe. Shirika linashika sanduku, mitambo, jina na mawakili. Makala hayalihusu, isipokuwa mara chache sana pale sheria inapolilazimisha. Kuandika, kufuta, kumzuia mharibifu, kuamua chanzo gani kinafaa: hayo yote yanafanywa na wachangiaji wasiolipwa, kila lugha na watu wake. Kwenye Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, wenye funguo wanaitwa wakabidhi, na wanachaguliwa na wachangiaji wenzao. San Francisco haiwateui.

Pesa je? Katika mwaka wa fedha 2022–2023 shirika lilipata takriban dola milioni 180, na sehemu kubwa ilitoka kwa mamilioni ya wasomaji waliotoa kidogokidogo, wastani wa dola 11 hivi kwa mtu. Hakuna matangazo ya biashara. Tangu mwaka 2021 kuna pia huduma ya kulipia kwa makampuni makubwa yanayochota habari kwa wingi, lakini mapato yake bado ni madogo. Kila mwaka wakaguzi kutoka nje wanapitia hesabu, na fomu ya kodi ya Marekani inaonyesha wazi mishahara ya wakubwa. Ukitaka kujua mkurugenzi analipwa kiasi gani, unasoma tu. (Jaribu kuuliza hivyo kwenye miradi fulani inayopita hapa barabarani na bendera kwenye gari.)

Ukisoma hesabu hizo vizuri, utaona kitu kingine. Kukodi sehemu za mitambo na intaneti kunakula kama dola milioni 3 tu. Mishahara inapita milioni 100, kwa wafanyakazi mia kadhaa. Hapo wengi wamepiga kelele, na mimi naona wana haki ya kuuliza, ingawa mainjinia na mawakili si watu wa bei ndogo. Mwishoni mwa mwaka 2022, wachangiaji wa Wikipedia ya Kiingereza waliyakataa maneno ya matangazo ya kuomba msaada. Walisema yanawatisha wasomaji, kana kwamba kesho kamusi inafungwa, wakati akiba ipo. Ofisi ilibidi ibadilishe maneno. Kumbukeni: wasiolipwa waliwakatalia wanaolipwa, na ikakubaliwa.

Tuje sasa nyumbani. Kuanzia tarehe 30 Desemba 1998 mpaka 2 Januari 1999, watu waliuawa Makobola II, Bangwe, Katuta, Mikunga na Kashekezi. Habari za kwanza za Januari 1999 zilitaja watu kama 500. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa Oktoba 2010, ile tunayoiita Rapport Mapping, inasema ni zaidi ya 800. Sasa tuseme makala inataja hesabu ndogo. Tukiandikia San Francisco, watatujibu kwa heshima kwamba maandishi si kazi yao. Tunaopaswa kuirekebisha ni sisi wenyewe, tukiweka ripoti hiyo kama chanzo, na anayepinga atajadiliana nasi mbele ya watu wote, kila neno likibaki kwenye historia ya ukurasa. Mimi napenda hivyo. Ofisi yenye uwezo wa kusahihisha hesabu ya wafu wetu kwa amri ingekuwa pia na uwezo wa kuipunguza, siku mwenye nguvu fulani akiwapigia simu.

Lakini utaratibu huo una mlango mwembamba, na hapa ndipo tunapoumia. Wikipedia haipokei ushahidi wa mdomo. Mama aliyewazika watoto wake anajua majina ambayo ripoti haina, ila maneno yake hayaingii mpaka yawe yamechapishwa mahali panapoaminika, mtu mwingine aweze kwenda kuyakagua. Kanuni hiyo si ya kutudharau sisi. Inamkata pia yule ambaye angependa kuandika kwamba hakuna kilichotokea. Hata hivyo, inampendelea mwenye magazeti, vitabu na maktaba, na sisi hivyo hatuna vya kutosha. Tuna memuare. Wangapi kati yenu mliandika juu ya uvuvi wa ziwani, juu ya mashamba, juu ya wakimbizi waliorudi kutoka Tanzania, juu ya vita? Kazi hizo zimelala kwenye kabati la chuo, nakala mbili au tatu, panya wanazisoma kabla ya watu.

Memuare ya licence peke yake haina nguvu sana mbele ya wakabidhi, niseme ukweli. Ila ikigeuzwa kuwa makala katika jarida la chuo au kitabu kidogo, na mwalimu akaipitia, inakuwa chanzo. Picha ni rahisi zaidi: picha uliyoipiga mwenyewe ya ufuko wa Makobola unaweza kuiweka Commons leo, ukikubali kwamba mtu yeyote ataitumia bure, hata kwa biashara, mradi akutaje jina. Na kwa mwenye tatizo la mega, kuna programu ya Kiwix, inayotengenezwa na shirika jingine lisilo la faida, la Uswisi. Mtu mmoja akipakua faili la Wikipedia ya Kiswahili mahali penye mtandao mzuri, anawagawia wenzake kwa kadi ya memori, na wote wanasoma bila intaneti. Kwa kuandika, mtandao utahitajika, lakini sahihisho la sentensi moja halili mega nyingi.