Kikulacho Ki Nguoni Mwako

Hapa Changamwe mama mjamzito akionekana macho yamekuwa manjano, wengi hukimbilia kusema ati ana homa ya manjano. Wengine husema ametupiwa jicho. Kumbe umanjano si jina la ugonjwa. Ni dalili tu, na mara nyingi ini ndilo lenye taabu.

Homa ya manjano yenyewe huletwa na mbu. Homa ya ini nayo ina aina nyingi. Aina ya E huenezwa na maji machafu, na huua wajawazito zaidi ya watu wengine. Iliwashika watu zaidi ya 10,000 huko Kitgum, Uganda, kuanzia mwaka wa 2007, kisha mwaka wa 2012 ikazuka katika kambi za Dadaab hapa kwetu Kenya.

Lakini iko nyingine isiyo na mbu wala maji machafu. Sote twajua kuwa damu ina askari wa kuulinda mwili. Katika ugonjwa huu askari hao hugeuka wakalishambulia ini lenyewe. Mgonjwa huchoka ovyo, viungo humuuma, na mkojo huwa kama strungi. Daktari Jan Waldenström wa Uswidi aliueleza mwaka wa 1950, na hadi leo huwapata wanawake zaidi ya wanaume. Hauambukizi, basi hakuna haja ya kumtengea mtu kikombe.

Je, mgonjwa huyo aweza kuzaa? Naam, wengi huzaa salama. Shangazi yangu alipopata mimba, majirani walimwambia, "Wacha hizo dawa, zitamdhuru mtoto." Yeye akamwuliza daktari kwanza. Akaelezwa kwamba prednisoloni na azathioprini kwa kawaida huendelea kutumiwa. Hatari kubwa ni kuziacha, kwani ugonjwa ukiamka huumiza mama na mtoto. Ila mikofenolati huweza kulemaza mtoto tumboni, kwa hivyo hubadilishwa kabla ya kushika mimba. Na akishajifungua asijisahau! Wakati wa mimba askari hupoa ili wasimdhuru mtoto. Miezi ya kwanza baada ya kuzaa huweza kuasi upya, kwa hivyo damu lazima ipimwe.

Basi wenzangu, tukiona umanjano tusibishane nyumbani juu ya jina lake. Twende hospitali, damu ipimwe. Mwenye macho haambiwi tazama.