Kusaka mkebe kwa GPS: mchezo unaowafaa vijana wetu, lakini idhini ni ya nani?

Mchezo wenyewe waitwa jiokeshingi. Mtu huficha mkebe usioingia maji, ndani yake akatia daftari, kalamu na vitu vidogo vidogo vya kubadilishana. Kisha hutangaza mtandaoni nambari za mahali hapo. Mwengine asiyemjua huzitia kwenye kifaa chake cha GPS, akaenda kutafuta. Akiupata huandika jina lake na tarehe, na akichukua kitu huacha kingine cha thamani hiyo. Mkebe huurudisha palepale.

Ulianza Marekani. Hadi mwanzoni mwa Mei 2000, serikali ya huko ilikuwa ikipunguza makusudi usahihi wa GPS kwa raia, hata kifaa kikaweza kukosea kwa mita 100. Rais Bill Clinton akaamuru jambo hilo likome, na tarehe 3 Mei Dave Ulmer akaficha ndoo katika jimbo la Oregon. Haikupita wiki, ilikuwa imeshapatikana.

Mimi nimeujaribu na wapwa zangu wawili, kwa kifaa cha mkononi cha kuazima, katika shamba la jamaa yetu Kikambala. Nilificha mimi, wakatafuta wao. Kazi kubwa ilikuwa kuzielewa nambari. Mombasa iko karibu na nyuzi 4 na dakika 3 kusini, nyuzi 39 na dakika 40 mashariki. Manahodha wajua kwamba dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, yaani mita 1,852. Katika mchezo huu dakika huandikwa kwa desimali tatu, na tarakimu ya mwisho ni kama mita mbili tu. Lakini kifaa kikiwekwa kusoma nyuzi kwa desimali, 4.05 ndiyo hiyo hiyo nyuzi 4 na dakika 3. Anayeidhania kuwa dakika 5 atapotea karibu kilomita nne. Na akiandika kaskazini badala ya kusini, ataonyeshwa Ethiopia, ng'ambo ya mpaka!

Kifaa huhitaji kupokea mawimbi ya setilaiti nne au zaidi, zilizo kilomita 20,000 hivi juu yetu. Ufukoni hakina taabu. Chini ya mwembe mkubwa mshale huyumba, na katika vichochoro vya Mji wa Kale mawimbi hugonga kuta kwanza. Ukifika kama mita kumi, tia kifaa mfukoni utumie macho. Wapwa zangu walizunguka mnazi mmoja robo saa wakitazama skrini, na mkebe uko chini ya makuti mbele yao.

Kinachonitia wasiwasi ni mahali pa kuficha. Mgeni akiona pango, mbuyu mkubwa au gofu la msikiti, atadhani amepata maficho mazuri. Kwetu pango laweza kuwa mzimu, na chini ya mbuyu pakawa na makaburi. Kaya za Mijikenda, ambazo baadhi yake ziliingia orodha ya UNESCO mwaka 2008, zina masharti ya nani aingie na aingie vipi. Kule Gede au Jumba la Mtwana, kuchokoa jiwe moja ukutani ni kubomoa.

Kanuni za mchezo zakataza kufukia mkebe, na zataka idhini ya mwenye ardhi. Sawa, lakini Pwani hii mwenye hati huenda akawa Nairobi, na wazee wanaolitunza pango wako hapo hapo kijijini. Kwa maoni yangu, wa kuulizwa kwanza ni hao wazee. Nyumba kumi nao waarifiwe, maana mtu anayeinama vichakani na kifaa mkononi atashukiwa, na mkebe usio na maandishi huita polisi.

Wa kuanza hawana haja ya kununua kifaa. Simu yenye GPS yatosha, ingawa cha mkononi hustahimili zaidi maji na kuanguka. Mkebe wetu bado uko Kikambala. Hatujautangaza, twamngojea jirani tuliyepakana naye arudi safari tumuulize.