Mangi Petro Itosi Marealle na Neno "Kihamba"

Miongoni mwa waandishi wa Kiswahili waliotoka bara, Mangi Petro Itosi Marealle wa Marangu hatajwi mara nyingi madarasani. Hakujipatia jina kwa tenzi wala riwaya, alikuwa mtawala. Mwaka 1946 Serikali ya Kiingereza ilipoziweka nchi za Wachagga katika sehemu tatu, Hai, Vunjo na Rombo, yeye alifanywa Mwitori wa Vunjo. Mwaka uliofuata, 1947, kitabu chake kiitwacho Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera kilipigwa chapa Nairobi.

Kwa nini Kiswahili, na si Kivunjo cha nyumbani? Wenyeji wa Moshi watalijibu swali hili upesi. Kichagga kina lahaja nyingi, na mtu wa Rombo na mtu wa Machame, kila mmoja akishika lahaja yake, huenda wasielewane. Lakini Kiswahili nacho kina taabu yake: mambo ya kuelezwa ni ya mlimani, na maneno yaliyopo aghalabu ni ya pwani. Litazame neno Ahera katika jina lenyewe la kitabu. Kwa msomaji wa pwani, Ahera ni mahali pa hesabu na hukumu. Wafu wa Mchagga wa kale hawakwenda mbali hivyo. Walibaki karibu na wazao wao, wakidai sadaka. Neno limefaa, lakini limevuta maana ya kwao.

Neno linaloumiza zaidi ni kihamba. Wafasiri wengi huandika "shamba", na hapo ndipo kosa linapoingia. Kihamba ni ardhi ya ukoo yenye migomba, baadaye na kahawa, iliyozunguka nyumba. Humo wazee huzikwa, na mpaka wake huonyeshwa kwa isale, mmea ule ule anaopelekewa mtu kumwomba msamaha. Hurithiwa, na kwa desturi mtoto wa mwisho hubaki katika kihamba cha baba. Wachagga nao wanalo neno shamba, ila kwao ni konde la tambarare la mahindi, maharage au ulezi, ambalo zamani mangi aliweza kuligawa upya kila mwaka. Basi karani akiandika "shamba" katika shauri la mirathi, ameliita kaburi la babu konde la kugawiwa, na mwenye haki aweza kuipoteza kwa kalamu ya mfasiri tu.

Mfongo nao ni zaidi ya mfereji, maana una ukoo uliouchimba na zamu za maji.

Maneno ya utawala yalikuwa na bahati nyingine. Umangi Mkuu, alioushika Thomas Marealle mwaka 1952, ulikoma 1960, na Solomon Eliufoo akawa Rais wa Wachagga. Mwaka 1963 sheria ilifuta utawala wa machifu nchini kote, na mwitori likawa neno la wanahistoria. Kihamba lingali likisemwa kila siku, kwa sababu kitu chenyewe kipo. Tena halihitaji kufanyiwa ukarabati wowote: kihamba, vihamba, ngeli yake tunayo. Yafaa liandikwe hivyo hivyo katika hati, na maelezo yafuate mara ya kwanza tu.